Waigizaji wangu wanasema nimekula fedha za kikundi

Kwako Bi Mshauri,

Assalaamu alaykum. Ninakuandikia kutoka Lamu, mtaa wa Langoni, nikiomba unisaidie katika jambo lililotugawa sisi tuliokuwa kitu kimoja, na ambalo sioni njia ya kulimaliza bila kukivunja kikundi.

Mimi ni mwanamke wa miaka 34, na ninaongoza kikundi kidogo cha maigizo chenye watu tisa pamoja nami. Ndimi niliyekianzisha, ndimi mtayarishaji na mwelekezi, na mara nyingi ndimi ninayeshona maleba, ninayetafuta ukumbi na ninayebandika matangazo. Ofisi hatuna, mazoezi hufanyika kwetu nyumbani baada ya sala ya Isha, kwa kuwa mchana kila mtu ana kazi yake. Wawili ni walimu, mmoja huchonga milango, mmoja huendesha boti ya watalii, na waliobaki hushika kazi yoyote inayopatikana. Kikundi hakijasajiliwa popote. Fedha hupitia katika simu yangu au akaunti yangu ya benki, na kwa muda mrefu hakuna aliyelalamika, pengine kwa sababu hapakuwa na fedha za kulalamikiwa. Kiingilio cha maonyesho yetu katika kumbi za shule kilitosha kulipia vipaza sauti na chai.

Mwaka jana shirika moja la uhifadhi lilitutaka tutunge igizo kuhusu ukataji wa mikoko, kisha tulipeleke Matondoni, Kipungani, Siyu, Pate na Faza. Lilitulipa shilingi 300,000. Kijana mmoja wa kikundi aliandika mswada, ingawa yeye mwenyewe anajua kwamba maneno mengi yalizaliwa mazoezini, kwani nilikuwa nikimwambia kila mwigizaji aseme kwa namna ambayo yeye angesema kama yangemfika, naye kijana akinukuu. Maonyesho yalipokewa vizuri kuliko tulivyotarajia, na Faza watu walipanda juu ya kuta ili waone.

Tuliporudi niliwapa waigizaji wangu wanane shilingi 6,000 kila mmoja. Mmoja wao alikuwa ameiona barua ya shirika, akakijua kiasi kilicholipwa, akakigawa kwa watu wanane na kupata 37,500, na tangu hapo hiyo 37,500 imekuwa ndiyo haki yao na ile 6,000 ndiyo dhuluma yangu. Hesabu yenyewe ni hii. Mashua na petroli, 84,000. Kukodi vipaza sauti na jenereta, 45,000. Chakula na malazi vijijini, 52,000. Maleba na vifaa vya jukwaani, 31,000. Nauli na chai za mazoezi, 24,000. Zikabaki 64,000. Wao walipata 48,000, na zile 16,000 za mwisho nilizichukua mimi kufidia taa za jukwaani, ambazo nilizinunua kwa fedha zangu zamani na ambazo kikundi kimekuwa kikizitumia bure. Ujira wa utayarishaji na uelekezi sikuchukua hata senti moja.

Nilipowaeleza hayo kwa mdomo hawakuniamini. Risiti za vipaza sauti na za vitambaa ninazo, lakini manahodha na akina mama waliotupikia hawakuniandikia kitu. Mwenzetu mmoja akanitolea mbele ya wote ule usemi kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Nami nikamjibu kwamba manahodha wengi chombo huenda mrama, kwamba kikundi ni changu, na kwamba asiyeridhika mlango uko wazi. Watatu hawajarudi mazoezini tangu siku hiyo, nami nina igizo jipya nililokusudia kulionyesha katika uwanja wa ndani ya Ngome kabla ya masika, maana pale hapana paa.

Juu ya hayo, mtu mmoja wa Nairobi anayetengeneza vipindi vya televisheni aliliona igizo letu la mikoko katika video, akamwandikia yule kijana moja kwa moja kwamba anataka kuinunua hadithi. Kijana anasema mswada ni wake, kwa hiyo fedha ni zake. Waigizaji wanasema nusu ya maneno yalitoka vinywani mwao. Mimi ninasema kwamba bila kikundi changu igizo hilo lisingekuwapo.

Ninaomba uniambie: je, zile 16,000 ni haki yangu? Igizo ni la nani? Je, si afadhali nikivunje kikundi, nisajili kampuni kwa jina langu, na kuanzia sasa niwaajiri waigizaji kwa kila igizo na kuwalipa kwa siku, ili asiwepo wa kuniuliza hesabu? Na yule mwendesha boti, aliyekosa karibu nusu ya mazoezi kwa sababu ya msimu wa wageni, ilikuwa sawa apate kama wenzake?

Mtayarishaji, Lamu

*

Wa alaykumu ssalaam, mwanangu.

Nimeipitia hesabu yako kwa makini, na wizi sikuuona. Nilichokiona ni kwamba watu tisa wamefanya kazi pamoja kwa muda wote huo bila kuambizana waziwazi kama wao ni washirika au ni waajiriwa. Waigizaji wako walifanya mazoezi usiku hadi usiku bila malipo, na mtu anayefanya kazi bila malipo akingojea matokeo hujiona mshirika. Huwezi kumlaumu kwa hilo. Wewe kwa upande wako ulipokea fedha, ukapanga matumizi, ukalipa, kisha ukagawa kilichobaki kwa kipimo chako mwenyewe, na hivyo ndivyo afanyavyo mwajiri. Kila upande umekuwa na kikundi chake kichwani, na kwa kuwa fedha zilikuwa chache, tofauti hiyo haikuonekana mpaka zilipoingia nyingi kwa mkupuo mmoja.

Huna haja ya kwenda mbali kutafuta utaratibu wa kufuata, kwa sababu uko ufukweni mbele ya mji wako. Wavuvi wakishauza samaki, kwanza hutoa gharama za safari, yaani petroli, barafu na chakula, kisha kinachobaki hukigawa mafungu: chombo kina fungu lake, nyavu zina fungu lake, nahodha ana lake na mabaharia wana yao. Viwango hutofautiana kutoka chombo kimoja hadi kingine, lakini baharia huvijua kabla ya kuondoka, na usiku ambao samaki hawakupatikana hakuna anayemshuku mwenzake, kwa kuwa fungu la kitu kisichopatikana kila mtu anaweza kulihesabu. Kumbuka pia kwamba katika mgao huo mwenye chombo haombi radhi kwa kuchukua fungu la chombo, wala halichukui kwa kificho. Taa zako ndizo chombo hapa.

Mpango wa aina hiyo si mgeni katika kazi ya jukwaa. Kundi alilokuwamo Shakespeare kule London lilikuwa na waigizaji washirika, ambao waligawana mapato baada ya gharama kutolewa, na lilikuwa pia na waigizaji wa kuajiriwa waliolipwa ujira wa wiki, wawe watazamaji wamejaa au hawakujaa. Jumba lao la Globe lilipojengwa mwaka 1599, nusu ya umiliki ilikuwa ya ndugu wawili wa ukoo wa Burbage, na nusu ya pili ya waigizaji watano, Shakespeare akiwa mmoja wao. Kwa hiyo mtu mmoja aliweza kupata fungu la uigizaji kwa upande mmoja na fungu la jengo kwa upande mwingine, bila yeyote kushangaa kwa nini anachukua mara mbili. Ninalitaja kundi hilo kwa sababu wewe pia una nafasi zaidi ya moja: u mwelekezi, u mtayarishaji na u mwenye taa, na kila nafasi inapaswa kuwa na mstari wake katika karatasi.

Sasa nikujibu kuhusu zile 16,000. Una haki ya kufidiwa taa zako. Kujifidia ndiko usikokuwa na haki nako, kwa sababu kiasi ulikikadiria peke yako baada ya fedha kuingia, na wenzako hawakujua kwamba taa zina kodi. Ukizigawa kwa maonyesho matano utapata shilingi 3,200 kwa kila onyesho, na huenda ni bei ya haki kabisa ukiilinganisha na ambavyo kikundi kingelipa kukodi taa kwa mtu mwingine na kuzisafirisha hadi Pate. Waonyeshe ulinganisho huo, wao waamue. Kama kuna onyesho lililofanyika mchana na taa zikabaki masandukuni, siku hiyo taa hazina fungu, nawe uwe wa kwanza kulisema kabla hawajalisema wao. Kwa siku zijazo kuna njia mbili tu: kikundi kikulipe kodi inayojulikana kwa kila onyesho, au kizinunue taa kwako kidogo kidogo mpaka ziwe zake.

Katika hesabu yako kuna mstari mwingine unaonisumbua zaidi ya huo wa taa, nao ni ule ambao hukuuandika. Unasema ujira wa utayarishaji na uelekezi hukuchukua hata senti, na unalisema kana kwamba ni fadhila. Mimi siioni hivyo. Mtayarishaji asiyejiandikia ujira hulifanya igizo lionekane rahisi kuliko lilivyo, na shirika likirudi mwaka ujao litataka vijiji vilevile kwa bei ileile, nawe hutakuwa na karatasi ya kuthibitisha kwamba haikutosha. Tena kazi isiyolipwa haisahauliki moyoni. Hutafuta pa kujilipia, na ninadhani sehemu ya zile 16,000 ilikwenda huko. Andika ujira wako mwanzoni kabisa, hata uwe mdogo, na fedha zikipungua uukate mbele ya wenzako kwa kiwango kilekile ambacho wao wamekatwa.

Tazama sasa hesabu hiyohiyo ikipangwa kwa namna nyingine. Maleba na gharama za mazoezi, jumla 55,000, ni gharama za kulisimamisha igizo. Zimeshalipwa, na hazitalipwa tena hata mkilionyesha mara ishirini. Mashua, vipaza sauti, jenereta, chakula na malazi, jumla 181,000, ni gharama za kuliendesha, na kwa maonyesho matano ni sawa na 36,200 kwa kila onyesho. Zile 64,000 zilizobaki, ukizigawa kwa maonyesho matano na kwa watu tisa, hazifiki shilingi 1,450 kwa mtu kwa onyesho, na mazoezi yote yakiwa bure. Ningekushauri uanze kikao kwa tarakimu hiyo, kwa sababu inaonyesha kwamba 300,000 hazikutosha kazi mliyoagizwa, na kwamba mnagombania mabaki ya mkataba uliokadiriwa chini. Inaonyesha pia kwamba mtu yeyote akiwaita leo mlionyeshe igizo hilo kijiji cha sita, kwa 60,000, mtabakiwa na zaidi ya 23,000 kwa usiku mmoja, kwa kuwa maleba yako kabatini na maneno yako vichwani. Vikundi vidogo vingi huua faida yao kwa kuacha igizo lililokwisha kulipiwa na kukimbilia jipya, na ninahofia kwamba igizo lako la Ngome ni mfano wa haraka hiyo, ingawa ninaielewa hamu ya msanii.

Kuhusu manahodha wasioandika risiti, kuanzia sasa chukua kitabu cha risiti dukani, ukiandike wewe, na anayepokea fedha atie saini au alama ya kidole mbele ya mwenzako mmoja. Kwa safari iliyopita, waombe wawili miongoni mwa waliokushuku waende wenyewe kuwauliza manahodha na wale akina mama walilipwa kiasi gani. Usiende nao. Jibu watakalorudi nalo litakuwa na nguvu kuliko risiti yoyote ambayo ungeitoa mkobani leo.

Ule usemi uliomjibu mwenzako ni wa kweli jukwaani: mwelekezi awe mmoja, na katika kuamua nani asimame wapi na mandhari ibadilike lini sipendi kura. Usemi wake yeye ni wa kweli katika fedha. Neno lako kwamba asiyeridhika mlango uko wazi nalo ulirudishe, tena kwa kwenda kwa kila mmoja wa wale watatu kabla ya siku ya kikao, maana ukilitangua kikaoni litaonekana limetanguliwa kwa kulazimishwa. Kikao kisifanyike nyumbani kwako, palipo na amri yako, na mwenyekiti asiwe wewe. Mmoja wa wale walimu atafaa.

Kuhusu igizo, kabla hamjaamua ni la kijana, la waigizaji au la kikundi, itoeni ile karatasi mliyotia saini na shirika mkaisome, kwa sababu huenda si la yeyote kati yenu. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inamtambua mtunzi kuwa mwenye haki, lakini kifungu chake cha 31 kinasema kwamba kazi ikiagizwa na mtu asiye mwajiri wa mtunzi, au ikitungwa katika ajira, hakimiliki huhesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeagiza au kwa mwajiri, isipokuwa kama pande mbili zimekubaliana vinginevyo. Shirika liliagiza, shirika likalipa. Ikiwa mkataba wenu haukusema kwamba igizo litabaki kwenu, au kama hapakuwa na mkataba zaidi ya ile barua, liandikieni sasa, kwa adabu, kuomba lithibitishe kwa maandishi kwamba lina haki ya kulitumia igizo katika kazi zake za uhifadhi na kwamba haki nyingine zote ni zenu. Mashirika mengi ya aina hiyo hayana shughuli na televisheni na hukubali, lakini kukubali huko lazima kuwe kwenye karatasi yenye saini, kwa kuwa sheria haitambui uhamisho wa hakimiliki uliofanywa kwa mdomo.

Jibu la shirika likija vizuri, ndipo mrudi kwenu. Sheria hailindi wazo, hulinda namna lilivyowekwa katika maneno yaliyoandikwa au kurekodiwa. Kwa hiyo wewe kusema kwamba bila kikundi igizo lisingekuwapo ni kweli kama historia, lakini hakukufanyi mtunzi. Mwigizaji aliyechangia mzaha hapa na neno kali pale hawi mtunzi kwa hilo peke yake. Ila kama kuna sehemu nzima ndani ya mswada ambazo waigizaji walizizalisha kwa vinywa vyao na kijana akazinukuu, na mchango wao hauwezi kutenganishwa na wake, basi dai la utunzi wa pamoja si la upuuzi, na mnunuzi makini wa Nairobi hatanunua kitu chenye dai la namna hiyo juu yake. Kijana aelezwe hivyo kwa upole: akiwakana wenzake, hana cha kuuza kwa usalama.

Mimi ningependekeza kijana atambuliwe kuwa mtunzi, jina lake liandikwe hivyo popote, na fedha za televisheni zigawanywe nusu kwake, robo kwa waigizaji waliochangia maneno, na robo kwa mfuko wa kikundi. Mnaweza kuvuta huku na huku. Hiyo si amri ya sheria, ni maoni yangu juu ya kilicho cha haki kwa igizo lililotungwa kwa njia mliyoieleza. Muhimu zaidi ni kile mnachouza. Uzeni haki ya televisheni pekee, kwa muda uliotajwa, na haki ya kuliigiza jukwaani ibaki kwenu bila kikomo, kwa maana nimekwisha kukuonyesha kwamba igizo lililosimama lina riziki ndani yake. Mkitaka, sajilini mswada katika Bodi ya Hakimiliki ya Kenya. Usajili ni wa hiari na haki haitegemei cheti, lakini cheti kitawapunguzia maneno siku ya ubishi. Na ile video mjue ni nani aliyeirekodi na kwa ruhusa ya nani, kwa sababu waigizaji nao wana haki zao juu ya kurekodiwa na kutangazwa kwa uigizaji wao.

Unaniuliza kama ukivunje kikundi na kusajili kampuni yako peke yako. Sheria ya Kampuni ya mwaka 2015 inaruhusu kampuni ya mtu mmoja, kwa hiyo kizuizi hakiko huko. Kizuizi kiko kwenye hesabu. Mwigizaji wa kuajiriwa hulipwa pia mazoezi, maana yeye hangojei mgao. Ukiwalipa watu wanane shilingi 500 tu kwa usiku, kwa mazoezi ya siku ishirini, ni 80,000 kabla hujakodi hata mashua moja, nayo ni zaidi ya kila kilichobaki kwako baada ya safari nzima. Huna uwezo wa kuwa mwajiri kwa sasa. Kilichokuwezesha kufika Faza ni kwamba watu wanane walikukopesha muda wao, na huwezi kukubali mkopo wa mtu kisha ukakataa kumwonyesha daftari. Siku mtakapohitaji mpiga zumari au fundi wa mitambo kwa igizo moja, huyo mwajirini kwa ujira maalumu na mwambieni tangu mwanzo kwamba hayumo katika mgao.

Kubaki bila usajili nako hakukufai, hata kwa maslahi yako binafsi. Fedha zikiingia katika akaunti yako, mbele ya Mamlaka ya Ushuru ya Kenya zinaonekana kuwa mapato yako, zote 300,000, hata kama ulibaki na 16,000. Kwa watu wenye hali yenu, usajili chini ya Sheria ya Usajili wa Makundi ya Kijamii ya mwaka 2022 ndio mwepesi zaidi, na kwa kawaida huhitaji wanachama wasiopungua kumi. Ninyi ni tisa. Huyo wa kumi mtafuteni mtu asiyeigiza na asiyeelekeza, ambaye kazi yake itakuwa kushika daftari la fedha, awe mtu ambaye mji unamwamini, na msimfanye kuwa jamaa yako. Fungueni akaunti yenye watia saini watatu, wawili wakiwa wa lazima kwa kila fedha inayotoka. Viingilio vya simu navyo vielekezwe kwenye akaunti hiyo, visipitie simu ya mtu.

Mwendesha boti asinyang'anywe chochote kwa safari iliyopita, kwa kuwa hakuna aliyemwambia kwamba mazoezi yana uzito katika mgao. Kwa igizo la Ngome, gawanyeni fungu la kila mwigizaji sehemu mbili, moja ya mazoezi na moja ya maonyesho, na anayekosa mazoezi apoteze sehemu inayolingana. Wageni wakiwa wengi atachagua boti, ukiisha msimu atachagua jukwaa, na kwa vyovyote hapatakuwa na kinyongo.

Kwa igizo hilo la Ngome andikeni ukurasa mmoja kabla ya zoezi la kwanza: gharama mnazotarajia, ujira wako, kodi ya taa, mafungu ya wengine, na ni nani atakayebeba hasara mvua ikiwahi. Hilo la mwisho msiliache. Uwanja usio na paa ukilowa, fedha za matangazo na vipaza sauti zimekwenda, na kama hamjaandika zinatoka wapi zitatoka tena mfukoni mwako. Ikiwa kikao hakitapatikana mapema kiasi cha mazoezi kutosha, liahirisheni mpaka mvua kubwa zipite, na katikati ya muda huo lipelekeni la mikoko kijiji cha sita.

Kijana naye aambiwe leo, usingoje kikao, kwamba amjibu yule mtu wa Nairobi kwa mistari miwili tu: ombi limepokelewa, na kikundi kitatoa jibu kwa maandishi baada ya kuwasiliana na shirika lililoagiza igizo. Asitume mswada.